Mteja Akiuliza "Una Gesi?" Usikimbilie Kutaja Bei: Biashara ya Vipuri vya AC za Juu ya Paa

Leo naomba tuongelee kitu ambacho wengi tunaouza vipuri mtandaoni tunakikwepa kwa sababu kinaonekana ni cha mafundi tu: AC za juu ya paa. Yale maboksi makubwa unayoyaona juu ya mabasi yanayopita Segera, Korogwe, Mombo kwenda Moshi na Arusha. Mimi duka langu liko Handeni, pale Chanika, lakini wateja wangu wengi wako Korogwe, kilomita kama 65 za lami. Nimeishia kidato cha nne na ufundi sijasomea popote. Ninachokijua nimekipata kwa kukaa na mafundi, kusoma vibandiko vya mashine na kuuliza maswali mpaka mtu anachoka.

Meseji ninayoipata kuliko zote ni hii: "Dada mambo, una gesi ya AC? Shingapi?"

Ukitaja bei hapo hapo, kuna mambo mawili. Moja, anakwenda kulinganisha na wengine kumi na unakuwa umeshindana kwa bei ya kitu ambacho kila mtu anacho. Pili, na hili ndo baya, anainunua, anajaza, AC inapooza wiki mbili halafu inarudi kuleta joto. Sasa atakayetukanwa kwenye grupu la madereva ni wewe. "Yule dada wa Handeni anauza gesi feki." Wakati gesi haikuwa na shida yoyote.

Mimi najibu kwa swali: "Gari gani bosi, na ilianzaje?"

Sababu ni hii. Gesi ya AC hailiwi kama dizeli. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, inarudi, inazunguka tena. Kama imepungua, maana yake imevuja mahali. Na mara nyingi haijapungua kabisa, tatizo liko kwingine. Sasa kama hujui hata mfumo umekaaje, utauza gesi mpaka mteja akukimbie.

Kwenye basi, kompresa iko chini kwenye injini na inazungushwa na mkanda. Hiyo ndo inasukuma gesi. Juu ya paa kuna vitu viwili vikubwa. Kuna kondensa, inayotoa joto nje, ina feni zake zinazoangalia juu. Na kuna evaporeta, inayopoza hewa ya ndani, nayo ina feni zake zinazopuliza kwenye zile njia za hewa juu ya vichwa vya abiria. Feni za mabasi makubwa kama Yutong, Zhongtong na Higer ni za volti 24. Noah na Hiace ni volti 12 na AC zake hazikai kwenye paa namna hiyo. Costa zinatofautiana, kuna ambazo kondensa haipo juu kabisa. Kwa hiyo kwa Costa usijibu chochote kabla hujatumiwa picha.

Ukishaijua hiyo, maneno ya dereva yanaanza kukupa maana. Dereva hawezi kukwambia "feni za kondensa zimekufa." Atakwambia, "Dada, tukiwa barabarani inapooza vizuri, tukifika stendi ya Korogwe tukisimama inaleta joto." Hapo wewe unajua: gari likikimbia upepo unasaidia kondensa, likisimama feni ndo zinabaki na kazi peke yake, na hazifanyi. Au zinafanya ila kondensa imejaa uchafu. Atakwambia tena, "Inapooza halafu inakata yenyewe, baada ya muda inarudi." Hiyo inaweza kuwa swichi ya presha inakata kwa sababu joto la kondensa halitoki na presha inapanda. Ukimjazia gesi huyo umemwongezea tatizo, maana presha itapanda zaidi.

"Inadondoshea abiria maji." Hiyo si gesi, hiyo ni mipira ya kutolea maji imeziba. "Inanuka." Filta na evaporeta vimechafuka. "Upepo mdogo ila ni wa baridi." Filta imeziba au feni za ndani nyingine zimekufa. Malalamiko yote hayo matatu unaweza kuyatatua kwa bidhaa ya bei ndogo ambayo mteja hakuwa hata anajua aiulizie.

Na njia yetu hii inachafua. Huku Korogwe joto lake unalijua, halafu magari mengi yanaingia na kutoka barabara za vumbi. Nimeshaona filta imetolewa kwenye basi ina rangi ya udongo wa Handeni kabisa, ukiipiga chini unapanda mchicha. Konda anasema AC imeisha gesi.

Naomba niwape habari ya mzee mmoja ndo mnielewe. Ana basi moja, lilikuwa linapiga Handeni na Dar, mkopo wa benki haujaisha. Alinipigia mwezi wa kumi na moja. Nikamwamkia, akasema, "Marahaba binti. Mimi gesi nanunua kila mwezi. Desemba inakuja, nimepata mtu anataka kulikodi lipeleke watu Moshi Krismasi, ila amesema bila AC halichukui."

Mnaijua Desemba kwenye barabara hii. Nusu ya Dar inahamia Kilimanjaro. Basi lisilopooza msimu ule ni hasara, na basi lenye mkopo ni kilio. Nikamwomba lipelekwe kwa fundi wangu wa Manundu, apande juu na simu, anipigie video. Sikutaka kuuza kitu kwa kusikia.

Kufungua boksi, feni za kondensa ziko nne, mbili hazizunguki kabisa. Kaboni zimelika mpaka mwisho. Mapezi ya kondensa yamejaa vumbi lililogandana na mafuta. Na kwenye ungio moja la bomba kuna doa jeusi la mafuta limeshika vumbi. Hilo doa ndo ushahidi wa uvujaji, kwa sababu mafuta ya kompresa yanasafiri pamoja na gesi. Gesi ikitoka huioni, mafuta yanabaki pale yanakuonyesha. Mzee alikuwa anajaza ndoo iliyotoboka kila mwezi, na kila mara kuna mtu anamuuzia maji.

Nilimuuzia seti mbili za kaboni, oringi, filta draya mpya kwa sababu mfumo ulifunguliwa, na filta za sponji. Fundi akaosha, akabana ungio, akavuta vakyumu, ndo ikaja gesi, mara moja. Faida niliyopata kwenye vile vipuri ilikuwa ndogo kuliko ambayo ningepata kwa kumuuzia chupa nzima. Lakini gari lilikwenda Moshi likarudi, na mzee yule mpaka leo akikaa na wenye magari wenzake pale stendi ananitaja. Tangazo la kulipia halijawahi kuniletea wateja kama aliowaleta yeye.

Kuna upande mwingine ambao watu hawausemi kwenye kurasa kama hizi. Mafundi. Wapo wanaoishi kwa kujaza gesi. Ukimwambia mwenye gari atengeneze panapovuja, umemkatia mtu mshahara wa kila mwezi. Nilisemwa sana, "huyo binti anajifanya fundi." Na biashara ya vipuri bila mafundi haiendi, tusidanganyane. Fundi ndo anamwambia mteja akanunue wapi.

Nilichofanya ni kuongea nao wazi kuhusu cha juu. Fundi akileta mteja, analipwa na mimi asilimia tuliyokubaliana, kwenye faida yangu. Sitamwandikia risiti ya uongo ili achukue kwa mwenye gari. Risiti yangu ina bei ya kipuri tu, ufundi anadai mwenyewe kwa mteja. Wawili waliondoka. Waliobaki wameona wanalipwa haraka na hawagombani na matajiri wao, kwa hiyo wametulia. Mwenye gari akija kuuliza bei mtandaoni na akakuta tofauti na risiti, anayepoteza jina si fundi peke yake.

Sasa tuje kwenye bidhaa zenyewe, maana najua kuna waliokuja kwa hilo.

Feni na mota ndo zina hela na ndo zina kesi. Feni ya kondensa kwa kutazama inaweza kufanana na nyingine kila kitu, duara lile lile, matundu yale yale, kumbe moja inavuta na nyingine inasukuma. Ukiiweka kinyume, hewa inapita mahali ambapo haikupangwa kupita na AC haipoozi. Kwenye feni za Spal, ambazo utazikuta nyingi kwenye AC za mabasi, namba inakuambia kila kitu ukijua kuisoma. Herufi AP katikati ni volti 12, BP ni volti 24. Mwisho wa namba, A ni ya kuvuta na S ni ya kusukuma. Ni herufi mbili tu. Ukizijua unaongea na mteja kama mtu uliyezaliwa gereji. Ndo maana sikubali oda ya feni kwa picha ya feni. Nataka picha ya kibandiko, iliyo wazi, namba zinasomeka. Kama kibandiko kimefutika, nataka upana kwa sentimita, volti, na video fupi feni ikizunguka kama bado moja inafanya kazi.

Na kabla sijatuma mota yoyote, naipima. Nina betri mbili za volti 12 dukani. Naziunga mfululizo, chanya ya hii kwa hasi ya ile, napata 24. Naweka karatasi yenye jina la mteja na tarehe mbele ya mota, nawasha, narekodi video sekunde ishirini, inasikika hata sauti ya beringi. Video anatumiwa mteja kabla mzigo haujapanda gari. Hii imeniokoa kwa jamaa mmoja aliyesema mota ilifika imekufa, anataka hela yake. Nilimtumia tena ile video, nikamwomba na yeye arekodi walivyounga waya. Walikuwa wamechanganya chanya na hasi. Hatukugombana, walibadilisha waya ikawaka. Ile video isingekuwepo, ingekuwa neno lake na neno langu, na mtandaoni neno la mteja ndo lenye nguvu.

Kaboni ndo bidhaa ninayoipenda. Ndogo, inaingia kwenye bahasha, haiharibiki kwa kukaa, na mwenye basi akishajua kwamba mota yake inaweza kufufuka kwa kaboni badala ya kununua mpya, hakusahau. Tuseme kaboni seti unapata faida ya 5,000. Inaonekana ndogo. Lakini basi moja lina feni nyingi, mabasi ni mengi, na nauli ya bahasha ni kitu kidogo. Angalizo tu: mota za kisasa nyingine hazina kaboni kabisa, ukimuuzia mtu kaboni ya mota isiyotumia kaboni utachekwa. Uliza kwanza.

Sponji za filta nanunua shuka zima, nakata kwa vipimo vya mteja. Watu wanazidharau hizi. Mimi kodi ya fremu miezi mingine inalipwa na sponji. Mteja nampa na maelekezo kwa sauti: ioshwe kwa maji na sabuni ya kawaida, ikauke kabisa ndo irudi. Pia naweka vichana vya kunyoosha mapezi, maana watu wa kuosha magari wanapiga kondensa kwa maji ya presha kubwa mpaka mapezi yote yanalala, hewa haipiti tena. Maji yawe ya taratibu, kutoka ndani kwenda nje, na brashi laini. Madawa makali ya kusafishia yenye asidi au magadi makali yanakula aluminiamu, nawashauri msiyauze kwa kazi hiyo hata mteja akiyataka. Na mwambieni anayepanda juu azime gari kabisa. Feni zinaweza kuwaka zenyewe kidole kikiwa ndani, na paa la basi si mchezo ukiteleza.

Rilei na fyuzi, weka. Hazina maelezo mengi, ila fyuzi ikikatika mara mbili usimuuzie ya tatu kubwa zaidi. Kuna kitu kinavuta umeme kupita kiasi, kwa kawaida mota iliyogoma. Fyuzi kubwa kwenye waya mdogo inaunguza gari.

Mafuta ya kompresa yananipa tabu kidogo kwa sababu yako aina aina. Gari ndogo nyingi zenye R134a zinatumia PAG, mabasi mengi yanatumia POE. Usikisie, soma kibandiko cha kompresa. Yote yananyonya unyevu wa hewani, kwa hiyo chupa iliyofunguliwa ikakaa rafu mwezi mzima usimuuzie mtu. Mimi nanunua chupa ndogo ndogo hata kama kwa lita inakuwa ghali.

Haya, gesi yenyewe. Siikatai, ninaiuza. Ila kuna habari mnapaswa kuijua. Mwaka 2011 makontena ya baridi ya meli yalilipuka, wafanyakazi watatu wakafa, Vietnam na Brazil. Makontena yalikuwa yamehudumiwa Vietnam kwa gesi iliyouzwa kama R134a kumbe imechanganywa na kemikali nyingine, methili kloraidi. Ile kemikali ikikutana na aluminiamu ndani ya mfumo inatengeneza kitu kinachowaka chenyewe kikigusa hewa. Mtu aliyeuza chupa ile pengine hakuwahi hata kuona kontena. Kwa hiyo mtu akikuletea chupa nusu bei kwa sababu "ina njia zake", fikiria mara mbili nani atakuwa juu ya paa siku hiyo.

Kuna kipimo rahisi ninachotumia, kinahitaji geji na kipimajoto tu. Chupa naiacha ndani kivulini usiku kucha, asubuhi nasoma. R134a safi kwa nyuzi 25 inasoma kama psi 82, kwa nyuzi 30 kama psi 97. R22 kwa nyuzi 30 inafika kama psi 158. Ukikuta namba iko mbali na ya R134a, hiyo chupa irudi ilikotoka. Ila mniwie radhi, kipimo hiki kinakamata waongo wajinga tu. Mchanganyiko uliotengenezwa na mtu mwenye akili unaweza kusoma sawa sawa na halisi. Rangi ya chupa nayo si ushahidi, rangi ni rangi tu. Ulinzi mkubwa ni kununua kwa muuzaji mmoja unayemjua, mwenye risiti, na kuandika namba ya chupa kwenye daftari pamoja na jina la uliyemuuzia.

Na kiasi hakipimwi kwa presha. Maadamu kuna gesi ya majimaji ndani, chupa iliyojaa na iliyobaki robo zinasoma presha ile ile. Weka mzani. Chupa za kawaida za R134a zina kilo 13.6 za gesi. Ukiuza kwa kilo, pima mbele ya mteja kabla na baada.

Chupa ya gesi siitumi kwa basi la abiria. Wapo wanaotuma. Buti la basi lililosimama juani linapata joto kali, na chupa hizi hazitakiwi kufika nyuzi 52. Mteja wa Korogwe anaifuata mwenyewe, au anasubiri siku ninayoenda na mzigo kwa gari la wazi. Nimeshapoteza oda kwa hilo, na wala sitabadilisha. Na kumwaga gesi ya zamani hewani ili ujaze mpya si sawa, kilo moja ya R134a inapasha joto dunia sawa na kilo 1,430 za kaboni dioksaidi kwa miaka 100. Ndo maana mataifa yalikutana Kigali mwaka 2016 yakakubaliana kuzipunguza gesi za aina hii. Kwa mfanyabiashara maana yake ni kwamba mbele ya safari zitakuwa adimu na ghali. Msijaze stoo kwa mkopo mkidhani soko litabaki hivi hivi.

Sasa kidogo kuhusu magari ya kulala, kwa sababu yalinipata bila kutarajia. Mwezi wa nane, msimu wa watalii, nikapata meseji kutoka kwa kijana anayeongoza wageni: "Dada, nina wageni wana gari lina kitanda na jiko ndani. AC yao ya juu haipoozi, tuko Korogwe, fundi anasema gesi."

Hizi ni tofauti kabisa na za mabasi. Kompresa, kondensa, evaporeta, vyote viko kwenye boksi moja juu ya paa, na zinatumia umeme wa ukutani, si wa betri ya gari. Nikaomba picha ya kibandiko. Volti 230, hezi 50, gari la Ulaya, kwa hiyo umeme wetu unaifaa. Lingekuwa la Marekani lingeandikwa kama volti 115 au 120, hezi 60, na ukichomeka kwenye soketi ya Tanzania bila transfoma unaichoma pale pale. Nyingi za hizi hata sehemu ya kujazia gesi hazina, zimefungwa kiwandani kama friji. Yule fundi wa gesi ingebidi atoboe bomba.

Nikauliza: feni inapuliza? Inapuliza. Kompresa inafanyaje? Inanguruma sekunde chache inanyamaza. Nikasema zimeni, chomoeni, fundi wa umeme afungue anitumie picha ya kapasita. Ilikuwa imevimba kama andazi. Imeandikwa maikrofaradi 30, volti 450. Kitu kile kile ninachowauzia watu wa AC za nyumbani, kipo kwenye rafu siku zote. Kanuni yake: maikrofaradi zilingane, volti zilingane au zizidi, zisipungue. Nikamsisitiza fundi aitoe chaji kwanza, kapasita inapiga hata ikiwa imechomolewa. Ikapanda Noah ya saa nane, jioni ikawaka. Walikuwa wanapandisha Lushoto kesho yake, ambako AC hutaihitaji, utaomba blanketi. Lakini usiku wa Korogwe walilala.

Mteja wa gari la kulala kwetu ni wa bahati, sishauri mtu aagize vipuri vyake akaweka stoo. Nilichojifunza ni kuandika kwenye ukurasa wangu kwamba nina kapasita, na kuorodhesha vipimo. Waongoza watalii wanatafuta kwa simu usiku, hawatafuti kwa kupita mtaani. Kitu kingine wanachouliza ni mpira wa sponji unaokaa kati ya boksi na paa. Ukilegea, mvua inaingia juu ya kitanda. Boksi limeshikwa na boltizi chache tu kutokea ndani, kwa hiyo kabla hawajanunua mpira mpya waambie wazikaze kidogo kidogo kwa zamu, upande na upande, zisizidishwe. Mara nyingi inaishia hapo na hawanunui kitu. Sawa tu.

Kuhusu malipo, vipuri vya umeme kwangu ni hela kwanza, yote, halafu video ya majaribio, halafu mzigo. Kitu ninachokiagiza Dar kwa ajili ya mtu mmoja, kama feni ya namba ya ajabu, hakirudishwi, na namwandikia hivyo kwenye meseji kabla hajalipa, anajibu "nimekubali." Kaboni, sponji, rilei, fyuzi, narudisha ndani ya siku saba kama havijafungwa. Mzigo nikiupandisha napiga picha ya gari, namba yake, na stakabadhi ya konda, vyote vinakwenda kwa mteja kwenye meseji moja. Anayepokea Korogwe anafungua kifurushi mbele ya konda.

Kwa msimu unaokuja, mimi kaboni, rilei na sponji naagiza Oktoba mwanzoni. Ikifika Desemba Kariakoo bei zimeshapanda, na mwenye basi hana siku mbili za kusubiri.